Nyundo za Mashine ya Kusaga Ziwe na Uzito Sawa



Leo tuzungumze juu ya mashine yetu ya kusaga. Ikiharibika, akina mama hujitwika debe la mahindi hadi kijiji cha pili. Kwa hiyo kuitunza ni kazi yetu sote.

Ndani ya mashine mna shafti. Kwenye shafti zimening'inizwa nyundo, yaani vipande vya chuma vinavyoponda mahindi. Tuseme shafti inazunguka mara 3,000 kwa dakika. Hiyo ni mara 50 kila sekunde!

Sasa tufanye hesabu. Nyundo ya upande mmoja imezidi gramu 50 tu, nayo iko sentimita 20 kutoka katikati ya shafti. Gramu 50 ni kitu gani? Lakini kwa mwendo ule, huvuta shafti kwa nguvu ya mzigo wa kilo 100 hivi. Ni kama gunia zima la mahindi. Ndiyo maana mashine hutetemeka, bolti hulegea na beringi hupata moto, kisha hufa.

Je, tufanyeje?

Kwanza, tuzime mashine na kuvua mkanda. Kama ni ya umeme, tuzime na swichi kuu.

Pili, tupime kila nyundo na kuandika uzito wake daftarini. Kama mizani ya duka haionyeshi gramu, tufunge kamba katikati ya fimbo iliyonyooka, tuining'inize, kisha tulinganishe nyundo mbili mbili.

Tatu, nyundo zenye uzito sawa zitazamane, moja upande huu, mwenzake upande wa pili.

Nne, nyundo moja ikivunjika, tubadili na mwenzake anayeitazama. Zikiisha makali, tuzigeuze zote siku moja.

Mwisho, kabla ya kurudisha mkanda, tuzungushe shafti kwa mkono na kuiacha isimame yenyewe. Tutie alama ya chaki upande ulioshuka chini. Turudie mara tatu. Upande uleule ukishuka kila mara, basi huo ni mzito. Tupange upya.

Kamati isiseme kununua nyundo moja ni rahisi zaidi. Nyundo mbili ni nafuu kuliko beringi na siku za kukaa bila unga.

Kusoma na kuhesabu tumekwisha jifunza. Kazi yake ndiyo hii.