Zuio Lililojengwa juu ya Kiapo cha Uongo

Ndugu wananchi wa Salaita,

Wapo miongoni mwenu waliowahi kupokea karatasi yenye muhuri wa mahakama ikiwakataza kuingia katika shamba wanalolima. Imetolewa kwa maneno ya upande mmoja, nao hawakuulizwa. Mwaka 1989 Profesa Wangari Maathai aliiomba Mahakama Kuu izuie jengo la orofa 60 katika bustani ya Uhuru, Nairobi, akajibiwa kuwa hana haki ya kushtaki. Amri aliyonyimwa yeye, mwenye mali huweza kuipata alasiri moja kwa kiapo cha uongo.

Hata hivyo, msiivunje. Ukiivunja, shauri litageuka kuwa la ukaidi wako, na uongo wa mwenzako utasahauliwa. Itazameni tarehe. Kanuni ya 40 ya mashauri ya madai, ya mwaka 2010, inasema zuio lililotolewa bila kuwasikia halizidi siku 14, na likiongezwa ni mara moja tu. Aliyelipata asipowafikishia amri hiyo pamoja na hati zake katika siku 3, linakufa lenyewe.

Sasa kitazameni kilima hiki chetu. Tarehe 12 Februari 1916 majeshi ya Waingereza yalikishambulia. Mizinga ililenga kileleni. Kumbe mahandaki ya Wajerumani yalikuwa chini, miguuni pa kilima. Wakarudishwa nyuma. Nimewaona wadaiwa wakishindwa vivyo hivyo: kurasa kumi za kumtukana aliyeapa, na ile aya ya 7, inayodai kwamba walivamia shamba mwezi wa Machi, hawaigusi kabisa.

IgusenI aya hiyo. Leteni barua ya chifu, risiti, au kadi ya hospitali ionyeshayo kuwa siku hiyo ulikuwa umelazwa Voi. Kisha ombeni mambo mawili: zuio liondolewe kwa kuwa mahakama ilifichwa ukweli, na aliyeapa aitwe kizimbani ahojiwe juu ya kiapo chake, jambo ambalo Kanuni ya 19 inaliruhusu. Mtu aliyetia sahihi mbele ya kamishna wa viapo pasipo kuisoma hati hatapenda kuulizwa mpaka wa shamba unapita kwenye mti gani.

Wenye karatasi za namna hiyo na wabaki baada ya mkutano, tuzisome pamoja, tukianza na tarehe.