Mafuta Yametoka Wapi?

 

Sisi wa Madale tumezoea vumbi la Wazo, lakini ni wachache wanaokumbuka kuwa kiwanda cha saruji cha pale Wazo hutumia gesi ya Songo Songo, kisiwa cha Kilwa ambako iligunduliwa mwaka 1974. Wahitimu, mmefundishwa kuwa gesi na mafuta ni mabaki ya viumbe wa kale waliofukiwa na mashapo. Je, msomi akikataa, mtamjibuje?

Aliyekataa alikuwepo. Thomas Gold, mwanafalaki wa Chuo Kikuu cha Cornell, alidai mafuta hupanda kutoka kina kirefu, kwenye kaboni iliyokuwemo tangu dunia ilipoumbika. Akaonyeshwa kazi ya Mjerumani Alfred Treibs, ambaye miaka ya 1930 alikuta ndani ya mafuta ghafi molekuli zenye nasaba na klorofili. Gold hakubisha kuwa zimo. Alisema: huko chini wapo bakteria, wanakula mafuta, wanaacha alama zao. Wanangu, tazameni alichofanya! Ushahidi aliuacha ulivyo. Alichokitikisa ni daraja la kutoka kwenye ushahidi kwenda kwenye hitimisho. Hoja ya wapinzani wake ikayumba.

Lakini kuyumba si kuanguka. Klorofili kazi yake ni kunasa mwanga wa jua. Bakteria aliye gizani, kilometa kadhaa ndani ya mwamba, aitengeneze ya nini? Swali hilo, ambalo yeyote kati yenu aliyesoma baiolojia angeliuliza, liliirudishia hoja ya kwanza nguvu zake.

Mwaka 1986, ili kulipima dai la Gold, uchorongaji ukaanza Siljan, Sweden, kwenye mwamba wa granaiti. Likatoka tope jeusi lenye mafuta. Gold akaona ameshinda. Wakosoaji wakauliza kisima kilichimbwa kwa dizeli na vilainishi gani, maana huenda kilichotoka ndicho kilichoingizwa.

Gold alifariki mwaka 2004, mwaka ule ule gesi ya Songo Songo ilipoanza kufika Dar es Salaam. Wanajiolojia wengi hawakumkubali. Mimi namheshimu sana, kwa sababu dai lake alikubali likapimwe mwambani, mbele ya waliompinga.

Mkuu wa Shule, naomba sasa muwaite wahitimu waje wapokee vyeti vyao.