Mbwa wako anakuambia nini?

Ndugu wafugaji, leo siongelei ng'ombe. Nataka tumzungumzie yule anayelala mlangoni mwa zizi, ambaye wengi wetu tunamkumbuka anapobweka usiku tu.

Mbwa husema kwa mwili. Mkia uliolegea, unaoyumba pamoja na kiuno, ni furaha. Mkia uliosimama na kukakamaa, unaotikisika kidogo kidogo, si furaha. Hapo anapima kama akurukie, na wageni wengi huumwa kwa kudhani kila mbwa anayetikisa mkia hana neno. Akipiga miayo bila usingizi, au akigeuza uso mtoto anapomkumbatia, anaomba aachwe. Akinguruma, msimpige. Atajifunza kunyamaza, na siku nyingine atauma bila kuonya.

Nayasema haya kwa sababu anayejua tabia ya mbwa wake ndiye huona mapema siku inapobadilika. Kichaa cha mbwa huanza hivyo. Mpole anakuwa mkali, au mkali anajipendekeza kwa kila mtu. Anajificha gizani, anatafuna vijiti na mawe, anabweka kwa sauti isiyo yake.

Sisi tunamngoja mbwa anayekimbia kijiji kizima akitoka povu. Kipo kichaa cha kimya pia: taya linaning'inia, mate yanachuruzika, hawezi kumeza. Mwenyewe anadhani mfupa umekwama kooni, anaingiza mkono autoe. Usiingize mkono! Hata ng'ombe anayechuruzika mate na kulia mfululizo, usimchunguze koo. Huenda aliumwa na mbwa wiki au miezi iliyopita. Mtenge, mwite afisa mifugo, wala usimchinje mkagawana nyama.

Mtu akiumwa, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, bila kupaka majivu wala dawa za miti. Aende kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama ni mkwaruzo. Asingoje kuona mbwa atakuwaje, maana dalili zikishaanza kwa mtu, hakuna dawa ya kumponya. Mbwa aliyeuma, kama anafungika bila hatari, afungwe aangaliwe siku 10, na afisa mifugo aarifiwe.

Kinga ni chanjo, na hurudiwa kila mwaka. Mbwa 7 kati ya 10 wakichanjwa, ugonjwa unakosa njia ya kusambaa. Sisi wa Ngara tusibakize hata mmoja tukiweza, kwani mbwa hajui mpaka wa Burundi uko wapi. Wale wanaoshinda machungani walete pia siku ya chanjo, kwa kamba, na aje naye yule anayemlisha. Mbwa humtii huyo kuliko baba mwenye nyumba.