Nyuki Wasio na Mzinga: Kuwatambua Wachavushaji wa Kanda ya Ziwa



Mtikiti huzaa maua dume na maua jike kwenye mmea mmoja, na kila ua huchanua kwa asubuhi moja tu. Ua jike hutambulika kwa tunda changa lililokaa nyuma ya petali. Chavua ya mtikiti inanata, upepo hauibebi. Mdudu mwenye chavua asipofika, au akifika mara chache mno, tunda hunyauka likiwa changa au hukua likiwa limepinda. Mkulima wa Magu au Sengerema, mkoani Mwanza, akiliona hilo hulaumu mbegu, mbolea au jua. Huenda kilichokosekana ni nyuki.

Nyuki yupi? Kwa Watanzania wengi jibu ni moja: nyuki wa asali. Sera ya Taifa ya Ufugaji Nyuki ya 1998 na Sheria ya Ufugaji Nyuki ya 2002 zilitungwa kwa ajili ya ufugaji, na Tabora kuna chuo kinachofundisha kazi hiyo. Heshima hiyo inastahili. Lakini duniani kuna spishi za nyuki takriban 20,000 zilizokwisha kupewa majina, na walio wengi hawana mzinga, malkia wala asali ya kuvuna. Jike hufanya kazi peke yake. Huandaa kiota, hukusanya chavua na mbochi, hufinyanga donge, hutaga yai moja juu yake, huziba chumba na kuanza kingine. Kwa kawaida hufa kabla watoto wake hawajatoka.

Kumtambua nyuki huanza kwa kumtenga na wanaofanana naye. Nzi ana mabawa mawili na vipapasio vifupi. Nyuki ana mabawa manne. Nyigu wengi wana miili myororo na huwalisha watoto wao wadudu au buibui. Nyuki hulisha chavua, na baadhi ya manyoya yake, yakitazamwa kwa lenzi kali, yana matawi madogo yanayoinasa.

Swali linalofuata ni mahali anapobeba mzigo. Nyuki wa asali huilowanisha chavua na kuifungasha kwenye miguu ya nyuma. Nyuki mkata majani, wa jenasi ya Megachile, huibeba ikiwa kavu chini ya tumbo, na huacha alama kwenye majani: vipande vya nusu duara vilivyokatwa kama kwa mkasi. Thyreus, mweusi mwenye madoa ya buluu au meupe, habebi kitu. Jike wake hutaga kwenye viota vya nyuki wengine, hasa Amegilla, na buu wake hula akiba ya mwenye nyumba.

Mwanafunzi anayeanza atafaidika sana na nyuki seremala, Xylocopa, kwa kuwa ni mkubwa na kiota chake kiko karibu na watu. Kwenye kenchi za paa au nguzo kavu ya uzio kuna tundu la duara, upana wake kama kidole, na chini yake ungaunga wa mbao. Ndani kuna njia iliyogawanywa vyumba kwa kuta za mbao zilizotafunwa. Kila chumba kina donge la chavua na yai moja. Mayai ya nyuki hawa ni miongoni mwa makubwa kuliko yote ya wadudu. Hapo pia ndipo mgeni hupotea: jike wa Xylocopa caffra ni mweusi mwenye mikanda ya manjano au myeupe, ilhali dume amefunikwa manyoya ya manjano yenye ukijani. Anayetegemea rangi peke yake ataandika spishi mbili.

Thamani ya nyuki huyu ilionekana Nguruman, kusini mwa Kenya, ambako Barbara Gemmill-Herren na Alfred Ochieng walichunguza mashamba ya biringanya na kuchapisha matokeo yao mwaka 2008. Biringanya huficha chavua ndani ya mirija yenye vitundu kwenye ncha. Nyuki wa asali hana mbinu ya kuitikisa itoke. Xylocopa na nyuki wadogo wa Macronomia huling'ang'ania ua na kutetemesha misuli ya kurukia mpaka chavua imwagike. Watafiti hao walionyesha pia kwamba nyuki hao hutegemea uoto wa asili ulio jirani na mashamba.

Hoja ya mhadhara huu ipo hapo: anayemjua nyuki kwa kiota chake anajua cha kulinda. Wako wanaochimba ardhi tupu isiyolimwa, wanaoishi ndani ya mabua na matete makavu, na wanaohitaji mti uliokufa. Ngitili za Wasukuma, malisho yaliyohifadhiwa ambayo mradi wa hifadhi ya ardhi wa HASHI ulioanza Shinyanga mwaka 1986 ulisaidia kuyarejesha, huacha vitu hivyo vyote mahali pake. Kingo za mashamba ya Mwanza zikifyekwa na kuchomwa kila msimu, viota huondoka pamoja na magugu. Nyuki wadogo, ambao wengi hawaruki zaidi ya mita mia kadhaa kutafuta chakula, hawana pa kuhamia.

Vitabu vipo. Connal Eardley, Michael Kuhlmann na Alain Pauly walitoa mwaka 2010 mwongozo wa jenasi za nyuki wa Afrika kusini mwa Sahara, na Dino Martins wa Kenya alitoa mwaka 2014 kitabu cha wachavushaji wa Afrika Mashariki. Vyote viliandikwa kwa Kiingereza. Mwanza inahitaji mwongozo wa Kiswahili na mkusanyo wa sampuli, kila mdudu akiwa na lebo ya mahali, tarehe, ua alilokutwa nalo na jina la aliyemkusanya. Bila lebo, nyuki aliyekaushwa hasemi lolote kuhusu shamba alikotoka.

Kazi ianze na mazao manne: tikiti, biringanya, mbaazi na kunde. Wakati sampuli zinakusanywa, afisa ugani anaweza tayari kumshauri mkulima wa tikiti anayelazimika kupiga dawa asubiri jioni, maua yakishafunga, na aache ukingo mmoja wa shamba bila kuulima wala kuuchoma.