Utandawazi na Mfanya Kazi wa Reli
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Kakamega)

Bwana Mwenyekiti, ndugu wafanya kazi, na akina mama mliofika: nimeombwa nieleze neno "utandawazi". Mimi si mwalimu. Nilisoma shule ya msingi ya misheni, na kazi yangu ni ya reli. Lakini neno hili twalisikia kila mara watu wanapopunguzwa kazini, na kwa hiyo yafaa tulijue.

Neno limeundwa kwa "kutandaa" na "wazi", yaani mambo yametandaa dunia nzima wala hayazuiwi na mipaka. Wataalamu wamelieleza kwa njia nyingi. Nitataja tatu tu, maana nyingine zafanana. David Harvey, mwaka 1989, alisema dunia imebanwa: safari na habari zilizochukua miezi sasa zachukua siku au dakika, na waliosukuma jambo hilo ni wenye mali, ili fedha zao zizunguke upesi. Anthony Giddens, mwaka 1990, alisema ni kufungamana kwa mahali palipo mbalimbali, hata jambo la kijijini likawa limetokana na jambo lililotendeka maelfu ya maili. Naye Immanuel Wallerstein alikwisha kuandika mwaka 1974 kwamba jambo lenyewe ni la zamani: tangu karne ya 16 umekuwako uchumi mmoja wa dunia, wenye nchi za kati zinazopata faida, na nchi za pembeni zinazotoa mali ghafi na jasho.

Wako pia wasemao kwamba mipaka ikifunguliwa kila mtu atanufaika, yaani mgeni njoo, mwenyeji apone. Hao sina haja ya kwenda mbali kuwajibu. Nitawajibu papa hapa Kakamega.

Mwaka 1931 mlowezi mmoja Mmarekani wa Turbo, L. A. Johnson, alipata dhahabu hapa kwetu. Wakati ule bei za mahindi na kahawa zilikuwa zimeanguka dunia nzima tangu 1929, na walowezi wengi walikuwa na madeni. Mwezi wa Septemba mwaka huo huo Uingereza iliacha kuifunga fedha yake kwa dhahabu, na bei ya dhahabu kwa fedha ya Kiingereza ikapanda. Basi wakaja kwa wingi, na mahema na sururu, wakachimba kandokando ya mito na ndani ya mashamba ya watu.

Sasa sikilizeni habari ya sheria. Sheria ya mwaka 1930 iliahidi kwamba ardhi iliyotengewa Waafrika ni yao daima, na kipande kikitwaliwa, kipande kingine cha kadiri ile ile kitolewe badala yake. Mwezi wa Desemba 1932 sheria ile ilibadilishwa. Kwa ardhi ya migodi haikuwa lazima tena kutoa ardhi badala ya ardhi, wala kulishauri kwanza Baraza la Wenyeji. "Daima" ya Serikali ya Koloni ilidumu miaka miwili. Bibi aliyekuwa akipalilia mtama wake hapa hakupata kusikia habari za benki za London, lakini zilifika mpaka kwenye jembe lake. Giddens alikuwa hajazaliwa.

Mgodi mkubwa wa Rosterman ulifungwa mwaka 1952, na jina lake limebaki jina la mtaa. Lakini mambo hayakwisha. Mwaka 2020 kampuni ya Barrick ya Kanada iliiuzia Shanta Gold, ambayo hisa zake zilikuwa sokoni London, haki zake za kutafuta dhahabu upande huu. Mwenye shamba lililo juu ya dhahabu hakuwa muuzaji wala mnunuzi.

Nageuka sasa kwenye reli. Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901. Wahindi 32,000 hivi waliletwa kwa mikataba, na karibu 2,500 kati yao walikufa. Na mwaka huo huo wa 1896, huko London, viongozi wa mabaharia na wapakizi wa bandarini walianzisha Shirikisho la Kimataifa la Wafanya Kazi wa Uchukuzi, ITF. Walikuwa wamechoka kuona mgomo wa bandari moja ukivunjwa kwa watu walioletwa kutoka bandari nyingine. Shirikisho hilo lina ofisi ya Afrika pale Nairobi.

Wanachama wengine huuliza: mambo ya ng'ambo yatuhusu nini, hata ada zetu ziliwe na safari? Swali ni la haki, na safari nyingine kweli hazikuleta kitu ila picha. Hata hivyo, mwaka 2006 reli ya Kenya na ya Uganda zilikodishwa kwa Rift Valley Railways kwa miaka 25. Mwenye hisa mkubwa kwanza alitoka Afrika Kusini, baadaye Misri. Mwaka 2017 mkataba ukavunjwa kabla ya kufika nusu ya muda wake. Hisa huhama nchi kwa sahihi moja; fundi wa Butere atahamia wapi?

Mwaka huo wa 2017 ilifunguliwa pia reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, ya upana wa milimita 1,435, nayo yetu ya zamani ni 1,000. Mikataba ya mkopo wa Benki ya Exim ya China ilitiwa sahihi mwaka 2014. Sehemu yake ilionyeshwa wananchi mwezi wa Novemba 2022, miaka minane baadaye, na ndani yake imeandikwa kwamba ugomvi ukitokea uamuliwe Beijing.

Kwa hiyo maana yangu mimi ni hii: utandawazi ni pale anayeamua na anayeamuliwa wasipoonana. Twadai kuuona mkataba wowote wa reli kabla haujatiwa sahihi, na vyama vya Mombasa na vya Uganda viudai pamoja nasi, kwa maana treni haiishii Malaba. Kurasa zile za 2022 ni za Kiingereza kizito. Naomba tawi liwatafute walimu wawili watusaidie kuzisoma, Jumamosi mbili tu, kabla ya mkutano ujao.

Bwana Mwenyekiti, nimemaliza. Nakaribisha maswali.