ELIMU YA MAIKROKONTROLA KWA VIJANA: MFANO WA ARUSHA NA MERU

(Matini ya mazungumzo kwa walimu wa sayansi, wazazi na vijana wa Unguja na Pemba)



Mazungumzo haya yanahusu kifaa kidogo kiitwacho maikrokontrola, na namna kinavyoweza kumfundisha kijana elimu ya umeme na uandishi wa programu kwa wakati mmoja. Mfano umechukuliwa Arusha na vitongoji vya Mlima Meru. Huko ni mbali na bahari, lakini elimu hii imepata makao huko katika ngazi zaidi ya moja. Na mambo ya maji na kilimo ambayo kijana wa Meru anaweza kujifunzia si mageni kwa kijana wa Donge au wa Wete.

Kwanza kifahamike kifaa chenyewe. Maikrokontrola ni kompyuta nzima iliyokusanywa katika kipande kimoja kisichozidi kidole gumba. Haina kioo wala kibao cha herufi. Hupewa programu moja, ikaitekeleza usiku na mchana. Imo ndani ya mashine ya kufulia, ndani ya rimoti ya televisheni na ndani ya mita ya umeme wa kulipia kabla. Kwa miaka mingi ilikuwa mali ya wahandisi peke yao. Mwaka 2005, katika mji wa Ivrea nchini Italia, ilitolewa bodi iitwayo Arduino iliyokusudiwa wanafunzi wasiokuwa wahandisi. Michoro yake iliachwa wazi, na viwanda vingine vikaweza kuiunda. Ndiyo maana bei yake imeshuka. Bodi yake mashuhuri, Uno ya mwaka 2010, ina kilobaiti 32 tu za kuhifadhia programu. Picha moja ya simu ya leo haienei humo, lakini amri za kuendesha pampu ya bustani zinaenea na nafasi ikabaki.

Arusha haikuanza jana. Chuo cha Ufundi Arusha kilianzishwa mwaka 1978 kwa ushirikiano wa Serikali ya Tanzania na ya Ujerumani Magharibi, na umeme na elektroniki ni miongoni mwa fani zake. Kiasi cha mwendo wa gari kuelekea Moshi, pale Tengeru, ipo Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, ambako vijana wa nchi za Afrika Mashariki wamesomea shahada ya uzamili katika mifumo pachikwa, yaani vifaa vyenye kompyuta ya namna hii ndani yake. Kadhalika mjini kumekuwa na karakana ya ubunifu iitwayo Twende. Mmoja wa waasisi wake, Bernard Kiwia, alianzia katika ufundi wa baiskeli, akajulikana kwa chaja ya simu inayoendeshwa na baiskeli, aliyoiunda kwa mota ya redio kuukuu. Hiyo haikuwa na programu hata mstari mmoja. Hata hivyo aliyekwisha kuivua mota katika redio na kuipa kazi nyingine amevuka kizingiti ambacho wenye vyeti wengi bado wamekisimamia.

Somo la kwanza la bodi hizi, kila mahali duniani, ni kuwasha na kuzima kitaa kimoja. Wazazi wengine huuona ni mchezo. Basi na itazamwe kazi iliyomo. Pini ya bodi hutoa volti 5, kitaa chekundu huchukua kiasi cha volti 2, hubaki 3. Volti hizo 3 zikipitishwa katika rezista ya omu 220, mkondo huwa miliampia 14 hivi, nao ni salama kwa kitaa na kwa pini. Mwanafunzi akiiacha rezista, huenda akaunguza vyote viwili. Kanuni ya Ohm ambayo aliikariri darasani kwa ajili ya mtihani sasa anaiona kwa macho, tena kwa gharama ya kitaa kimoja.

Baadaye huja programu: washa, subiri sekunde moja, zima, subiri sekunde moja, rudia. Akisahau ile subira ya mwisho, kitaa huonekana kinawaka moja kwa moja, kwa kuwa kuzimika kwake ni kufupi mno kwa jicho. Aghalabu mwanafunzi hushuku waya, akabadilisha betri, akalaumu bodi, ilhali kosa limo katika maandishi. Siku nyingine maandishi huwa sahihi na waya ndio ulegevu. Kupambanua baina ya makosa haya mawili ndiyo elimu yenyewe, na mwalimu anayemnyang'anya mwanafunzi bodi ili amtengenezee upesi humdhulumu.

Hatua ya pili huingia shambani. Katika miteremko ya Meru watu wamemwagilia migomba, kahawa na mboga kwa mifereji tangu zama za mababu, kila mmoja kwa zamu yake. Kijana huchomeka ardhini kihisi chenye vyuma viwili, na bodi ikasoma unyevu. Hapo hukutana na mambo mawili ambayo vitabu vya wanaoanza huyapitia mbio. La kwanza, umeme ukipita katika vyuma hivyo bila kukoma, huliwa na kutu katika wiki chache. Dawa yake ni kuvipa umeme wakati wa kupima tu, na hilo ni suala la mistari miwili ya programu. La pili, tarakimu isomwayo katika udongo wa majivu ya volkano wa Meru haiwezi kuhamishiwa kwenye ardhi ya maweni ya Makunduchi. Kila udongo hupimwa kwanza ukiwa mkavu, kisha ukiwa umeloa, ndipo tarakimu zipate maana.

Vivyo hivyo kwa tangi la maji linalopimwa kwa mwangwi wa sauti. Sauti husafiri mita 337 hivi kwa sekunde kwenye baridi ya nyuzi 10, na mita 349 kwenye joto la nyuzi 30. Programu isiyojali jambo hilo itakosea kiasi cha sentimita 7 katika kina cha mita 2, baina ya alfajiri ya Meru na mchana wa kiangazi.

Lipo jambo zito zaidi. Maji ya sehemu nyingi za Meru, Maji ya Chai ikiwemo, yana floridi nyingi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Meno ya kahawia ya watoto ni ushahidi wa hayo. Kihisi cha bei ndogo hupima jinsi maji yanavyopitisha umeme. Hakiijui floridi. Kijana akiandika neno "salama" kwenye kioo cha kifaa chake kwa kutegemea kihisi hicho, huenda familia ikanywa maji mabaya kwa imani. Upimaji wa floridi una vifaa vyake mahsusi na hufanywa na wenye ujuzi nao. Mafunzo yoyote ya vifaa hivi hayana budi kumfundisha kijana kusema kifaa chake hakipimi nini, na kwa visiwa vyenye visima vinavyoingiwa na chumvi ya bahari tahadhari hii ni yetu pia.

Skuli yenye nia inaweza kuanza na bodi 3 au 4, testa moja, rezista na vitaa vya kutosha kuunguzwa, na redio mbovu ambazo wazazi wako tayari kuzitoa. Kompyuta moja hutosha kuandikia programu kwa zamu. Vifaa hivi viandikwe katika daftari la mali kama vitu vya kutumika na kuchakaa, mwalimu asije akaogopa kulipishwa kitaa kilichoungua, na ufunguo wa kabati ukae kwa mwalimu anayefika skuli kila siku.