Taya Linapouma, Usikimbilie Kung'oa Jino

Mazungumzo ya afya kwa wakazi wa kaunti



Yuko mtu aliyeumwa upande mmoja wa uso kwa wiki kadhaa. Akaamini ni gego, akaomba ling'olewe, likang'olewa. Maumivu yakabaki palepale. Kilichokuwa kikiuma hakikuwa jino, bali kiungo cha taya au misuli inayokiendesha. Jino la mtu mzima likishatoka halioti tena, kwa hivyo ni vyema tofauti hii ijulikane mapema.

Weka ncha za vidole mbele kidogo ya masikio, kisha ufungue mdomo. Utahisi kitu kikisogea. Hapo ndipo taya la chini linapokutana na fuvu. Kiungo hiki huzunguka kama bawaba ya mlango, kisha huteleza mbele. Kikiwa na hitilafu, mtu huumwa anapotafuna, hupata maumivu kwenye mashavu au panja, au mdomo hukataa kufunguka vizuri. Watu wazima wengi hutosha vidole vitatu vya mkono wao, vikipangwa kimoja juu ya kingine, kati ya meno ya mbele. Taya linalolia tu bila kuuma wala kukwama kwa kawaida halihitaji tiba.

Mtaalamu wa fiziotherapia hutibu hali hii kwa mikono, lakini si kwa njia moja.

Njia ya kwanza ni kuchua misuli. Mtaalamu hutafuta sehemu iliyokaza, shavuni, kwenye panja au ndani ya mdomo akiwa amevaa glovu, na kuibana taratibu hadi ilegee. Hii huwafaa hasa wanaouma meno usingizini au kukaza taya wakiwa na mawazo mengi.

Njia ya pili ni kukisogeza kiungo chenyewe. Kidole gumba chenye glovu huwekwa juu ya magego ya chini, kisha taya huvutwa polepole kuelekea chini na mbele, mara kadhaa. Hii humfaa zaidi ambaye mdomo wake haufunguki vya kutosha.

Njia ya tatu ni msukumo mmoja mfupi na wa haraka kwenye kiungo. Unahitaji mtu aliyefunzwa, na ni baada ya mgonjwa kupimwa.

Ipi ni bora? Mnamo Desemba 2023, jarida la tiba la BMJ la Uingereza lilichapisha mwongozo wa jopo la kimataifa kuhusu maumivu ya taya yaliyodumu miezi 3 au zaidi. Jopo lilipendekeza kwa nguvu kubana sehemu za misuli zilizokaza, kusogeza kiungo taratibu, na mazoezi ya taya na ya mkao wa mwili chini ya uangalizi. Msukumo wa haraka ulipata pendekezo hafifu zaidi. Upasuaji wa kuondoa kisahani kilicho ndani ya kiungo ulipingwa vikali. Kwa ufupi, mikono ya polepole pamoja na mazoezi ndiyo ya kutangulizwa.

Taya lililotoka kabisa mahali pake ni jambo lingine. Mtu hupiga mwayo, mdomo ukabaki wazi, asiweze kuufunga. Tabibu hulirudisha kwa kukandamiza magego ya chini kwa vidole gumba, kisha kulisukuma taya nyuma, mbinu iliyoelezwa katika maandishi ya Hippocrates wa Ugiriki zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Isijaribiwe nyumbani, na mgonjwa asipigwe kofi kwa matumaini kwamba taya litarudi. Apelekwe hospitalini.

Kuna taya ambalo halifai kuchuliwa hata kidogo. Taya likikaza baada ya mtu kudungwa na msumari au kupata kidonda chochote, huenda ni pepopunda, ugonjwa unaoua. Maumivu ya taya yanayokuja pamoja na kubanwa kifua, jasho au kukosa pumzi yanaweza kuwa ya moyo. Uvimbe wenye homa, au taya lililoumia kwa kuanguka au ajali, pia lionwe na daktari kwanza. Katika hali hizi, saa moja ya kungoja ni nyingi mno.

Kwa maumivu ya kawaida, tiba huanzia nyumbani. Kula vyakula laini kwa siku kadhaa. Acha kwa muda miwa, mahindi ya kuchoma, miraa na chingamu. Weka kitambaa chenye joto shavuni. Shikilia kidevu unapopiga mwayo. Na mara kwa mara mchana jikague: midomo ifungwe, lakini meno ya juu na ya chini yasigusane.

Yasipotulia, nenda kituo cha afya upimwe, meno na taya pia. Kabla ya kukubali jino ling'olewe, uliza: "Je, lina kasoro gani?" Na kabla ya kumkabidhi mtu taya lako, uliza kama ana leseni ya Baraza la Wataalamu wa Fiziotherapia. Mtaalamu wa kweli hatachukizwa na maswali hayo.